Balbu Iliyowaka kwa Ubaya

Fundi redio wa Igoma ametutoka. Habari nimeipata kwa mama mmoja muuza dagaa, aliyenipa pole, kisha papo hapo akauliza sasa redio yake aifuate wapi, maana ilikuwa kwa marehemu tangu masika. Msimlaumu. Marehemu mwenyewe angecheka kuliko sisi sote.

Mnakumbuka ruksa ilipoanza, milango ya biashara ikafunguliwa, vitu vikamwagika madukani kama kumbikumbi baada ya mvua? Mimi nikashikwa na wazimu wa disko. Mjomba akauza ng'ombe waliotengwa kwa mahari yangu, tukanunua amplifaya. Sharti lake: mashine irudishe ng'ombe, ndipo nioe. Haikumaliza hata harusi ya kwanza. Transista zote ziliungua, vile vidude vya ndani vinavyofungua na kufunga njia ya umeme. Nikaikimbiza kwa fundi pamoja na spika yake, mjomba nyuma yangu kama askari. Fundi akaweka transista mpya, lakini hakuichomeka mashine ukutani moja kwa moja. Umeme aliupitisha kwanza kwenye balbu, hii hii ya sebuleni. Nilipoongeza sauti, balbu ikawaka kibanda kizima kikang'aa. Mjomba akapiga makofi.

"Imepona!"

"Imepona wapi, mzee wangu? Hapo ndiyo inaumwa. Kuna shoti, umeme wote unakimbilia huko. Balbu ndiyo inaushika shati."

"Basi toa hicho kibatari chako tusikie muziki!"

"Nikitoa, transista zinakufa kabla hujashusha mikono. Mpwa wako ataoa kwa moshi?"

Mjomba akaishusha mikono polepole. Fundi akaufuata waya wa spika, mpya kabisa wa dukani, akakuta nyuzi mbili zimekumbatiana ndani ya plagi kama wachumba. Akazitenganisha. Balbu ikafifia, spika ikanguruma, na mjomba akacheza pale pale barabarani, mzee mzima. Mashine ile ikapiga harusi hadi Sengerema, ng'ombe wakarudi mmoja mmoja, na mke ninaye.

Mimi napenda vitu vipya, wala sitaki milango ifungwe tena. Ila naona tunachomeka kila kitu ukutani moja kwa moja, biashara kwa uchumba, kikilipuka tunasema tumerogwa. Jambo unalolipenda usilipe nguvu zote siku ya kwanza. Lipitishe kwanza mahali ambapo kosa litaonekana bila kuunguza.