Mchungaji wa Kuku

Peniel hakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Alipelekwa. Usharika wake wa kijijini, huko ndani ya Mtinko, Singida, ulimpangishia chumba Tandika na kumkabidhi Biblia mpya, maana mchungaji alisikia kwamba Wanyaturu waliohamia kule wamepotea, Jumapili nzima wako kwenye mitumba. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mwenye miguu alikuwa anauza kitu. Peniel alikuwa kijana, ametoka chuo cha Biblia juzi tu, ana sauti nzito na suruali moja ya heshima. Aliondoka akilia kwa furaha. Hakujua kwamba waliomwombea walikuwa wameshafunga kuku wao wa kumpelekea akauze.

Tenga la kwanza la kuku lilimfikia kabla hajajua hata njia ya kwenda sokoni. Kondakta alilishusha kutoka juu ya basi, akapaza sauti stendi nzima isikie:

"Mwinjilisti wa Mtinko ni nani? Njoo uchukue waumini wako, wanadonoana!"

Kuku wa Singida walikuwa na jina Dar, na kijijini watu walishapiga hesabu yao: mtu wetu yuko kule, ameokoka, hatatuibia. Wakaanza wazee wa kanisa, wakafuata akina mama wa kwaya, mwishowe hata wasiokanyaga kanisani wakawa na kuku wa kumpelekea mwinjilisti. Asubuhi yuko stendi, mchana yuko soko la kuku akiwauzia, jioni ndiyo anakumbuka alitumwa nini.

Na hiyo kazi aliyotumwa nayo ilimgeuka. Wanyaturu wenzake walimkwepa. Wakimwona wanauliza bei ya jogoo, basi. Waliomfuata ni watu ambao usharika haukuwaota kabisa: fundi uashi wa Kimakonde mwenye chale usoni, mjane wa Kihaya aliyekuwa akiuza vitumbua, kijana wa Kisukuma wa mkokoteni. Wakasali chumbani mwake, majogoo wakiwika katikati ya Baba Yetu. Wakaleta wenzao, wakajaa mpaka mlangoni.

Mama mwenye nyumba, Mzaramo na Mwislamu safi, ndiye aliyempa jina. "Mchungaji wa kuku," alikuwa anamwita, na mtaa ukalidaka. Lakini ndiye huyo huyo aliyemfaa. Joto la Dar lilipowazidi kuku, mmoja akalegea shingo, Peniel hakuweza kumchinja mwenyewe, maana akichinja Mkristo hakuna jirani wa kumnunua. Alikuwa anakimbia kumwita mume wa yule mama. Mara nyingi walifika kuku ameshakata roho.

"Mwanangu, huyu hachinjwi tena," mzee yule alimwambia siku moja, kisu mkononi. "Mwombee. Si ndiyo kazi yako?"

Kijijini hakuna aliyekubali habari ya kuku kufa. Kuku akitoka Mtinko mzima na hela yake isirudi, huyo ameliwa.

Miaka ikaenda. Siku moja Peniel akatuma neno kwamba hapokei tena matenga. Kisha akapanda basi kwenda nyumbani kuomba jambo moja: usharika umwache na lile kundi lake, kwenye kile chumba, bila kuku. Wakikataa, hana pa kulala, maana kodi wanalipa wao, na wale watu hawana pa kusalia wala wa kuwafundisha.

Wazee wa kanisa wakakaa baada ya ibada. Peniel akawaamkia wote, akasimama, akaeleza. Akasema habari za fundi aliyeacha kumpiga mkewe. Akasema habari za mjane aliyejifunza kusoma kwa kufuatisha wimbo. Aliongea vizuri, hilo wasimnyime. Alipomaliza, Mzee Alute akaegemea fimbo yake.

"Tumekusikia, mwanangu. Sasa jogoo wangu mwekundu, alikufa au aliliwa?"

Kanisa likacheka.

"Alikufa, mzee. Joto."

"Joto!" Mzee Alute akawageukia wenzake. "Jogoo amekulia juani hapa hapa. Joto la Dar lina meno?"

"Na tetea wangu aliyekuwa anataga," akadakia Raheli, mwenyekiti wa akina mama. "Naye joto? Mbona wewe hilo joto limekunenepesha?"

Peniel alikuwa mbavu tupu, kila mwenye macho aliona. Mchungaji Antipasi akakohoa. "Jamani, tuangalie kazi ya Bwana."

"Mchungaji," akasema Raheli, "hizo bati hapo juu yako zimetoka wapi? Mbinguni?"

Mchungaji akatazama bati. Zilitoka kwenye hela za kuku aliowauza Peniel, na yeye ndiye aliyezibariki.

"Tumpeleke Melkiori," Raheli akaendelea. "Yule anayeuza ngozi. Soko analijua, na kusali si anajua? Biblia atajifunzia huko huko."

"Na wale watu?" Peniel akauliza. "Wengine nawafundisha ubatizo."

"Ni Wanyaturu?" akauliza Mzee Alute.

"Hapana, mzee."

"Basi wana makwao."

Mikono ikanyooshwa. Wa mchungaji ulichelewa, ila ulifika. Peniel akapewa watoto wa shule ya Jumapili.

Nje alimkuta mama yake, Jenipher, ameshapata habari. Akamshika mkono, na njia nzima akawatukana wale wazee mmoja mmoja na ukoo wake, mpaka Peniel akaona angalau ana mtu mmoja upande wake. Walipofika nyumbani akampa maji ya kunywa, akakaa.

"Huyo Melkiori anaondoka lini?"

"Alhamisi, mama."

"Kamwambie aniachie nafasi kwenye tenga. Ni wawili tu, usininunie."

Peniel akaenda. Alimkuta Melkiori uani anafunga kamba, akafikisha salamu za mama yake. Halafu akachuchumaa na kumweleza: fundi anakaa nyuma ya msikiti, ana aibu, asiulizwe mbele za watu, mjane aanze wimbo yeye, ndiyo wengine wanafunguka, kijana wa mkokoteni hafiki mapema, asubiriwe.

"Sawa, kaka," Melkiori alikuwa anasema, akivuta kamba. "Sawa sawa."

Jina la hata mmoja hakuuliza.