Kabla Hujatia Sahihi, Mwite Phelesia

Saa tatu asubuhi, umande haujakauka kwenye miwa ya Ndhiwa. Chai imeshamiminwa, mandazi yako mezani, lakini Phelesia Achieng hajafungua faili. Anamtazama mwenyeji wake, Mwalimu Bonface Oyaro, mkuu wa shule mstaafu, kisha anautazama mlango wa jikoni.

"Mwalimu, mama yuko wapi?"

"Si anapika. Tuanze tu, madam, haya ni mambo ya karatasi."

"Pesa ya nyumba siiongelei na nusu ya nyumba. Mwite."

Mwalimu anacheka, anaita. Risper, mkewe katika ndoa ya miaka thelathini na minane, anatoka akijifuta mikono kwa leso, anaketi. Hapo ndipo faili inafunguliwa.

Phelesia, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, huwashauri wastaafu wa Migori na Homa Bay kuhusu kiinua mgongo, ile pesa ya mkupuo ambayo wengi hawajawahi kuishika na hawataishika tena. Ana wateja sitini na watatu: walimu, wauguzi, makarani. Humlipa shilingi elfu mbili kwa kikao. Kutoka kwa wauza viwanja na bima hapokei hata senti.

"Nikila kwa muuzaji, mdomo wangu utakuwa wake," anasema.

Mwezi uliopita alipata shilingi elfu hamsini na mbili. Alipokuwa afisa wa mikopo katika benki moja mjini Migori, mshahara wake ulikuwa elfu sabini na nane. Hajutii.

Si kwamba hajawahi kukosea. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mzee Mokua, na Phelesia alimshauri aweke karibu pesa zote kwenye shamba. Shamba lilikuwa zuri, hati safi. Mwaka haujaisha, mzee akaugua figo, na shamba haliuziki kwa siku moja. Likauzwa kwa bei ya kutupa.

"Nilikwenda nikamwomba msamaha kitandani. Tangu siku ile, kwanza tunatenga pesa ya ugonjwa. Mengine baadaye."

Ukitaka kujua anavyofanya kazi, mwulize Mwalimu Oyaro. Mwenyewe husimulia kisa chake bila kujificha.

Machi mwaka jana, shilingi milioni mbili na laki moja ziliingia katika akaunti yake. Wiki haikupita, kijana mmoja mwenye suti na maneno matamu akabisha hodi. Alikuwa na kijitabu cha picha za vizimba vya kufugia samaki, ndani ya ziwa, kisiwani Rusinga. Toa milioni moja, akasema, upokee elfu themanini kila mwezi. Mwalimu akaahidi kutia sahihi Ijumaa.

Risper hakupinga mbele ya mgeni. Alikwenda kwa jirani, muuguzi mstaafu aliyekuwa mteja wa Phelesia, akachukua namba.

"Nikamwambia, madam, njoo haraka, mzee wangu ameshanunua kalamu mpya," Risper anakumbuka.

Phelesia alifika Alhamisi. Mwalimu alimpokea kwa uso wa mtihani.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wewe utaniambia nini?"

"Sina la kukuambia, mwalimu. Nataka tu unionyeshe kizimba chako kilipo. Twende tukakione."

Mtu atakataaje kuonyesha mali yake? Ijumaa asubuhi wote watatu walishika njia ya Mbita, wakavuka daraja hadi Rusinga, wakateremka kwenye ufuo uliotajwa kijitabuni. Na kweli, vizimba vilikuwepo, vimejipanga majini, samaki wakirukaruka. Mwalimu akamgeukia Phelesia kwa tabasamu la ushindi.

Tabasamu hilo halikufika mbali. Mlinzi wa vizimba, Mayaka, alipoonyeshwa kijitabu alikikodolea macho.

"Hivi ni vya kikundi cha akina mama wa hapa, mzee. Watu walikuja kupiga picha mwezi jana, tukadhani ni wa kaunti."

Mwalimu Oyaro aliketi juu ya jiwe. Midomo ilimchezacheza kama anayeomba. Kumbe alikuwa akipiga hesabu.

"Elfu themanini mara kumi na mbili ni laki tisa na elfu sitini," anasema sasa. "Biashara gani halali inakurudishia karibu pesa yako yote kwa mwaka mmoja? Hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Niliijua. Sikutaka tu kuipiga."

Simu yake ikalia. Alikuwa yule kijana, ameshafika Ndhiwa na mkataba, anauliza mwalimu yuko wapi.

"Niko Rusinga, kwenye vizimba vyangu," mwalimu akajibu. "Wewe mbona sikuoni?"

Simu ilikatika, na namba ile haijapatikana tena.

Phelesia hakumkemea wala hakujisifu. Alimnunulia Risper samaki wawili, wakarudi nyumbani, na Jumatatu wakaanza upya. Leo sehemu kubwa ya pesa iko katika hatifungani za serikali, zinazoleta riba kila miezi sita. Nyingine imetengwa kwa hospitali. Nyingine imejenga vyumba vitatu vya kupangisha karibu na soko, na hati ina majina mawili, la mwalimu na la Risper.

"Mtoto wa watu ameniokoa na uzee wa kuombaomba," mwalimu anasema.

Kwa nini mtu aache mshahara wa benki kwa kazi hii? Phelesia hulijibu swali hilo polepole. Baba yake alikuwa fundi wa maji, mtu aliyejua kila bomba la wilaya. Alipostaafu alinunua lori kuukuu kwa ushauri wa marafiki. Likafa injini mwezi wa saba, na mzee akaacha hata kwenda kanisani, asije akaulizwa.

"Mimi nilikuwa kaunta nikishauri wageni, na baba yangu aliogopa kuniuliza. Hilo liliniuma kuliko lori lenyewe."

Sasa anataka kuwafikia watu mapema, miaka mitano kabla ya kustaafu. Januari ataanzisha darasa la Jumamosi katika ukumbi mmoja karibu na Asumbi, mume na mke waje pamoja. Viti ni arobaini, na majina thelathini na sita yameshaandikwa.

Alipomweleza baba yake, ambaye sasa ana miaka sabini na minane, alitarajia baraka tu. Mzee alifikiri, akauliza siku ya kwanza nani atazungumza.

"Mimi, baba."

"Wewe utafuata," mzee akamwambia. "Nitaanza mimi. Hao watu lazima wamwone mwenye lori."