Pikipiki Iliyoanikwa Juani

Juzi, hapa Somanda, jirani yangu alichomoa waya wa kigari cha mwanawe, akamwambia, "Kimelala." Akanikonyeza nicheke naye. Sikuweza.

Mimi utotoni nilikuwa na pikipiki nyekundu ya kuchezea, ya betri. Baba alininunulia mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba yetu, na maduka yakajaa vitu tusivyovijua. Ilinukia plastiki mpya, ikinguruma uani kama mashine ya kusaga, mpaka mchana mmoja ikanyamaza.

"Imechoka," baba alisema. "Wewe mzito, mwanangu. Ianike ipate nguvu."

Niliamini, maana hata betri za tochi tulizianika juu ya bati. Nikaiweka pikipiki kando ya michembe ya mama, vipande vya viazi vilivyoanikwa vikauke, nikakaa nayo juani nikiiomba msamaha kwa uzito wangu. Nilipoitwa kula, nilikataa ugali ili nipungue.

Mara redio ya baba, iliyokuwa bubu wiki nzima, ikaanza kuimba barazani. Sikujua kwamba inaimba kwa betri za pikipiki yangu. Niliinuka nikacheza, na baba akanipigia makofi.