Mchungaji Aliyekuja Kuangalia Mpunga

Huku kwetu mchungaji hatembei bure. Nikionekana Karatina katikati ya wiki, watu huuliza nimekuja kuzika nani. Hawaamini kwamba mtu mzima, tena mtumishi wa Mungu, anaweza kupanda gari kwenda tu kuona watu wa kwingine wanaishi vipi, kisha akaandika. Udadisi ndio ugonjwa wangu, na sitafuti dawa.

Juzi nilitoka semina ya vijana Kutus nikiwa bado nimevaa kola yangu ya uchungaji. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiuliza kwa nini mchele wa pishori hunukia hata kabla haujaiva, basi nikachukua bodaboda hadi Mwea unakolimwa. Nilimjua mama mmoja mkulima huko. Mwanawe alikuwa katika kundi langu la vijana Nyeri kabla hajapata kazi ya hoteli Nanyuki. Sikumpigia mama simu kumwarifu.

Nilimkuta akigeuza mpunga kwenye turubai. Alipoiona kola, reki ilimtoka mkononi.

"Pasta, sema tu. Ni kijana yangu?"

"Hapana, mama, nimekuja..."

"Niambie nikiwa nimesimama. Usinizungushe."

Nilimwapia kwamba sikuleta habari mbaya, nimekuja kuuliza mambo ya mchele. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kanisani.

"Ati mchele? Umevaa hiyo kitu kwa shingo ukuje kuniuliza mchele?"

Niliona aibu, nikataka pia kucheka, lakini sikuthubutu.

Tulipoketi ndipo akanieleza. Walikosana kijana alipokataa kurudi kulima shamba, na tangu hapo kijana hashiki simu za mamake. Kila pikipiki ikisimama langoni, moyo unamruka.

"Yako atashika," akasema. "Piga."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili mama naye asikie. Kwa kweli nilitamani sana kujua kijana atasema nini, na niliogopa kwamba hatasema lolote.

Hakuchelewa kushika. "Pasta?" Alikuwa akihema. "Ni mathe? Mama ako sawa? Pasta, niambie ukweli."

Mama alininyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili. Upande wa pili kijana aliendelea kuniita.

"Uliza tena," mama akamwambia mwishowe. "Uliza hivyo tena."