Maganda ya Karanga ya Ipuli

Josepha Lugembe anasomea usanifu wa bidhaa katika chuo kimoja mjini Tabora. Darasa lao lilipotakiwa kutengeneza kitu kipya kutokana na taka, wenzake walikimbilia chupa za plastiki, maana siku hizi kila mtu anakimbilia chupa. Yeye alikwenda kwa mzee Masolwa, mwenye mashine ya kubangua karanga pale Ipuli, akaomba maganda. Karanga huletwa kwa baiskeli kutoka Kwihara, na maganda hubaki chungu nzima nyuma ya mashine.

Aliyasaga, akayachanganya na gundi ya muhogo, akayagandamiza kwa jeki ya lori. Mbao za kwanza ziliota ukungu, zilizofuata zikaliwa na panya. Mwishowe akapata ubao mgumu, mwepesi, unaofaa kwa dari. Walimu wakampeleka kwenye mashindano ya vyuo. Mshindi angepewa karakana, na Josepha aliitaka karakana ile kuliko kitu chochote.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama yake, Minza, hupika vitumbua, na kwa miaka yote jiko lake liliwaka kwa maganda yaleyale ya Masolwa. Sasa barazani palikuwa na gunia la mkaa. Josepha hakuuliza. Aliamua mwenyewe kwamba Masolwa amemnyima mama ili awape wasomi, akakosa raha kabisa.

Siku ya mashindano, jaji akamuuliza swali waliloulizwa wote: "Kabla yako, taka hizi zilikuwa zinaishia wapi?"

Wenzake wote walijibu jalalani.

"Jikoni kwa mama yangu," alisema Josepha. "Hazikuwa taka. Nimemnyang'anya."

Jaji alimshukuru. Karakana ikaenda kwa watu wa chupa.

Jioni alimsimulia mama yake, akitegemea angalau pole. Minza aliacha kukoroga unga.

"Nani kakutuma ukaseme hayo?"

"Mama, mzee Masolwa si alikunyima?"

"Masolwa alikuja hapahapa. Akaniuliza, Mama Josepha, maganda nimpe nani, wewe au mtoto? Nikamwambia mpe mtoto, mimi nitapikia mkaa." Minza alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Tunalala nyumba moja, Josepha. Ulishindwa hata kuniuliza?"