Shiromani Niliyoiacha Mkobani

Kila kijana anayeniuliza nani alinifundisha kutafuta soko humjibu kuwa ni bibi mmoja wa Moroni, kisha nabadilisha mazungumzo. Sipendi kuulizwa la pili.

Miaka ile askari wa kukodiwa, wale Wazungu, ndio walioishika nchi yetu ya visiwa mkononi. Miye nilikuwa msichana niliyeletwa na wazazi kutoka Unguja, nachekwa kila nikifungua mdomo, maana Kingazija changu kilikuwa Kiswahili kitupu. Kampuni moja ya kuagiza bidhaa ikaniajiri, ofisi yake juu kidogo ya bandari ya zamani. Huko ndiko nilikomkuta Bi Mkubwa. Naye alikulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, na umbea wote wa ofisi tuliusema mbele ya wenyewe.

Hakusomea biashara popote. Alijua kuuza, basi. Maziwa ya kopo hakuyapeleka dukani kwanza. Aliyapeleka kwenye nyumba inayoandaa harusi kubwa, ile ambayo mwanamume huihangaikia miaka ili ahesabiwe mtu, akaketi na wapishi akimenya vitunguu mpaka wakamzoea, ndipo akatoa kopo moja. Haukupita mwezi mji ukawa unayaulizia. "Usifungue mkoba mpaka wakuulize una nini," aliniambia, na siku nilipofungua mapema alinifinya paja, wallahi, mbele za watu.

Kisha miguu ikamvimba. Meneja wetu, mtu wa kupenda mabango, akatangaza kuwa sabuni mpya ya kufulia isipokubalika Mutsamudu, kisiwa cha pili, Bi Mkubwa aende zake nyumbani. Hakuwa na mume wala mtoto, na kazi ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi. Kupanda meli hakuweza. Akanituma miye.

Alinipa shiromani yake, ile nguo wanayojitanda wanawake wa kisiwa kile. Alikuwa ameifua kwa sabuni hiyo mara kumi, na wekundu wake ulikuwa bado unawaka.

"Ivae, mwanangu. Wanaogopa sabuni ngeni itazichujisha nguo zao. Wakiiona hiyo watauliza wenyewe. Nenda kwa rafiki yangu, omba uwafulie kwa mkono wako. Na mzigo wakiuzuia bandarini, uache uzuiwe, hata wiki. Usimwombe msaada mtu mwenye bunduki."

Nikaitikia. Moyoni nikasema, bibi huyu na mambo yake ya kizamani. Shiromani nikaitia mkobani, nikavaa gauni la ofisini na viatu vya kisigino.

Bandarini Mutsamudu makarani walinizungusha asubuhi nzima. Palikuwa na mmoja wa wale askari wa Kizungu, kijana, mcheshi. Kiherehere changu kikanipeleka, nikamwomba kwa Kifaransa changu cha shuleni. Alisema neno moja tu, maboksi yakatoka, na akanisindikiza mwenyewe hadi vichochoro vinapoanzia, bunduki begani, huku akinichekesha. Nilijiona mshindi.

Hakuna aliyenifukuza. Laiti wangenifukuza. Kila nilipobisha nilifunguliwa, nikaamkiwa vizuri, nikaambiwa leo wameshafua. Uani kamba zilikuwa tupu na nguo chafu zimejaa kwenye mabeseni, nao wananiambia wameshafua.

Rafiki wa Bi Mkubwa ndiye pekee aliyenikalisha akanipa chai. Alikuwa akijua Kiswahili, akanisemesha taratibu, bila hasira.

"Mwanangu wa kiume walimchukua wao hao, mwezi uliopita, kutoka hapo ulipokaa. Leo mtaa mzima umekuona umekuja nao. Mwambie dada yangu nampenda. Kunywa chai yako, kisha uende."

Nikainywa. Mkoba ulikuwa miguuni pangu na shiromani imo ndani. Sikuwa na uso wa kuitoa.

Nilirudi Moroni na maboksi yote. Bi Mkubwa aliniuliza jambo moja. "Uliivaa, ukawafulia?"

"Niliivaa, Bi Mkubwa. Nikawafulia. Hawakuitaka."

"Basi wanawake wale siwajui tena," akasema. "Nimekwisha miye." Akaanza kukusanya vitu vyake mezani: miwani, kikombe, tasbihi. Wala hakunilaumu. Ningesema kweli pale pale angenitukana, angenifinya, na angejua kuwa hakukosea. Niliona haya, nikanyamaza. Salamu za rafiki yake nazo sikumpa, maana zingenifichua. Wiki iliyofuata meneja akanipa meza ya Bi Mkubwa.

Alifariki mwaka haujaisha. Miye nimeishi kwa ufundi wake, nimesomesha watoto kwa ufundi huo, na vijana niliowafunza wananishukuru mpaka naudhika. Kila nilipofanya kama alivyoniambia, nimeuza. Yeye alikwenda kaburini akiamini kuwa hajui kitu.