Kamba Mbili za Mtumbwi wa Nyanya

Mwaka huu nimetundika kayaki darini. Najua utacheka. Mwanamke wa umri wangu, magoti yameanza kulia, nanunua kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama Kikambala, kisha nakosa pa kuiweka. Uani inachomwa na jua, barazani inaziba mlango, na mimi kitu kikinizibia njia silali. Basi nikamwita fundi hapa kwangu Mnarani, nikamwonyesha boriti za banda, nikamwambia nataka kapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, ili kayaki ipande juu itulie huko.

Kapi ya kwanza ilipozunguka ikatoa mlio mwembamba wa chuma kikavu. Niliacha chai mezani nikatoka nje. Mlio ule naujua, maana utotoni nilikula na kulala chini yake.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa na mtumbwi. Watu nikiwaambia hivyo hudhani nimekosea, nilitaka kusema babu. La, ulikuwa wa nyanya. Ulikuwa mdogo, wa gogo la mwembe, wa kuketi watu wawili na kikapu katikati. Aliingia nao kwenye mikoko kubandua chaza, akarudi miguu imejaa tope hadi magotini, akawapika kwa tui zito na ndimu. Mpaka leo nikisikia harufu ya tui linalochemka, tumbo langu linadai chaza, nami sina wa kulipatia.

Mwaka mmoja aliteleza topeni, goti likavimba. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye feri ya hapa Mnarani, enzi ambazo daraja lilikuwa halijajengwa. Kamba alizijua kuliko alivyozijua ndevu zake. Akaja na kapi mbili, akazifunga kwenye boriti za ukumbini, moja mbele na moja nyuma, akauvuta mtumbwi juu ya jamvi tulilolia chakula. Kamba ya mbele akaifunga kwenye ukuta wa mlangoni, ya nyuma kwenye ukuta wa mkabala. Mtu mmoja hakuweza kuzifikia zote mbili. Nyanya akasimama chini akitazama juu, akauliza yeye atauteremshaje.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Mama," mjomba akasema.

"Na chawa ni nani hapa? Mimi au mtumbwi?"

Mjomba akakaza fundo. Mvua za mwaka zikaingia, na mtumbwi ukawa ghala letu. Humo tuliweka makopa ya muhogo, nazi, na sahani za Idi zilizofungwa kwa kanga kuukuu. Gogo lake lilikuwa limepakwa sifa, yale mafuta ya papa, na siku za joto yalidondoka tone moja moja juu ya sare yangu ya shule. Mwalimu kila akifika kwenye dawati langu alifungua dirisha, hata mvua ikinyesha. Niliona haya, lakini zaidi ya haya niliona uchungu, kwa sababu nyanya aliniahidi kuwa mwaka ule ningekwenda naye mikokoni.

Sikuwahi kuona mtu asiyetulia kama nyanya msimu ule. Alifagia palipofagiliwa. Alikwenda mlangoni, akatazama, akarudi akasema maji yamejaa, ilhali hakuna aliyemuuliza. Baadaye angekwenda tena, arudi aseme yametoka. Nami nyuma yake, mlangoni na kurudi. Mume wangu hunilalamikia kwamba siwezi kukaa kitini hadi chai iishe. Humwambia amlaumu marehemu nyanya.

Goti lilipona. Mjomba akasema bado. Akasema hivyo kila alipokuja, na nyanya akamwitikia kwa upole uliopaswa kumtia shaka. Mvua zilipokatika, asubuhi moja mjomba akiwa kazini, nyanya akanishika mkono akauminya kama anayekagua embe sokoni.

"Wewe shika ule ukuta," akaniambia. "Mimi nashika huu."

Jaribio la kwanza lilikuwa balaa. Nilifungua kamba, uzito ukanishinda, upande wangu ukashuka wenyewe. Makopa yakatumwagikia, nazi zikabingirika hadi chini ya kitanda. Jirani yetu, bibi aliyekuwa na sikio kwa kila lililoanguka mtaani, akauliza kupitia ua kulikoni. Nyanya akamjibu ni paka. Jirani akasema basi paka huyo ameshiba.

Tukaupandisha tena, na nyanya akatunga utaratibu. Yeye atasema "nipe", nami nitalegeza kamba kidogo, kisha nitajibu "chukua", ndipo alegeze yake. Nipe, chukua. Nipe, chukua. Mtumbwi ukashuka sawasawa hadi jamvini. Tukaubeba tukaingia majini, na sitakuficha, rafiki yangu, sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Si siku ya harusi yangu, wala siku nilipojifungua. Nyanya alikuwa akipiga kafi huku anazungumza peke yake, goti limesahauliwa, na mimi nimeketi mbele nikiyumba kila nikigeuka kumtazama. Alinikanya nitulie. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Jioni ile mjomba akaja. Akapewa wali na chaza wa tui, akaketi pale pale chini ya mtumbwi tulioupandisha haraka haraka. Tonge la pili halijafika mdomoni, tone likamwangukia kipajini. Akalipangusa, akalamba kidole. Maji ya chumvi.

"Paa lavuja," nyanya akasema.

Mjomba akatazama juu, akanitazama mimi, akaendelea kula. Alipomaliza akaomba aongezwe. Kesho yake alikuja na mafuta akazipaka zile kapi, akasema neno moja tu, kwamba Mama asiende peke yake.

Hakwenda peke yake. Alikwenda nami, mpaka mama aliponichukua nikasome Malindi, tukakaa huko huko mtaa wa Shella. Likizo nilirudi mbio, tukasimama kila mtu ukuta wake. Lakini likizo ni fupi, na muhula ni mrefu kwa mzee anayetazama dari. Mti uliozoea maji hautaki kukauka. Nyanya alikuwa akirusha maji juu mtumbwini kwa kata, mengi yakimrudia mwenyewe usoni.

Alifariki mimi nikiwa shuleni. Baada ya matanga, mjomba na mimi tuliuteremsha mtumbwi. Nikasema "nipe". Yeye hakujua jibu lake. Ulipofika chini tukaona ufa, kutoka mbele hadi nyuma, mpana wa kupitisha kidole. Mjomba akaupapasa. Akasema haukufa kwa maji, umekufa kwa kukaa mkavu. Leo ile nyumba haipo, pamejengwa ukuta mrefu wenye geti, na mikoko tuliyoingia sijui kama ningeitambua njia yake.

Sasa nirudi kwa fundi wangu. Alichukua kamba zote mbili, akazipitisha kwenye kapi ya tatu, akaziunganisha kwa pete moja. Chai yangu ilikuwa bado ina moto. Akasema, "Sasa mama, peke yako watosha."

Hasira zikanipanda. Pete moja. Kapi moja zaidi. Na mjomba alikuwa mtu wa kamba maisha yake yote. Nikampigia simu hapo hapo. Ni mzee sasa, husikia kwa taabu. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama alijua kwamba kamba mbili zinaweza kufungwa zikawa moja.



"Nilijua," akasema. "Kamba ingekuwa moja, Mama angekuchukua wewe?"

Siku nyingine namshukuru, siku nyingine nauona ule ufa na kukasirika upya. Kayaki naiteremsha mwenyewe kila wiki, ingawa plastiki haipasuki kwa ukavu. Inashuka sawasawa, haiinami, haimwagi kitu. Mkono mmoja kwenye kamba, nasema "nipe", kisha natazama ukuta wa pili.